Mhariri, kurasa zenu za Jumamosi nimezikuta chini ya godoro la mwanafunzi

Mhariri, habari za kazi na poleni na majukumu. Mimi ni matroni wa bweni la wasichana kwenye shule moja ya sekondari huku mkoani Morogoro, huu mwaka wa 16 nalea mabinti wa watu. Shule siitaji na mtanisamehe kwa hilo, naandika habari za mtoto wa mtu na wazazi wake bado hawajapoa. Gazeti lenu nalisoma tangu niko msichana, marehemu baba alikuwa akirudi nalo jioni tunagombania nani aanze, kwaiyo naomba nisichukuliwe kama mtu aliyetafuta pa kulalamikia akawapata nyie, naandika kwa sababu nalipenda na kwa sababu nimeumia.

Mwezi wa tatu tulikuwa tunatoa magodoro juani, kunguni walikuwa wametuzidi, nikainua godoro la binti mmoja wa kidato cha tatu anayelala dabodeka ya juu, zikadondoka karatasi. Moja kwa moja nikajua barua za wavulana, mana ndo kitu tunachokikuta siku zote. Kumbe ni kurasa zenu za burudani za Jumamosi. Nilizihesabu zipo 11, zimekatwa kwa wembe vizuri kabisa, zimepangwa kwa tarehe kama faili la ofisini. Karibu zote ni zile picha za kabla na baada, yule dada msanii kushoto kanenepa kanuna, kulia kakonda anacheka, alafu kichwa cha habari kwa maandishi mekundu kwamba kapungua kilo kadhaa ndani ya mwezi na sasa ni moto. Kwenye ukurasa mmoja yule mtoto kachora kwa biro ya bluu kufuata kiuno cha yule dada, mstari umepitiwa mara nyingi mpaka karatasi imetoboka, na pembeni kaandika tarehe ya kufunga shule. Yani alijiwekea mpaka siku ya kufikia.

Pamoja na hizo karatasi kulikuwa na daftari. Nikalifungua nikidhani ni shajara, nikakuta mapishi. Pilau la nazi, sambusa, mkate wa kumimina, maandazi ya iliki, biriani la kuku na vipimo vyake vyote, vikombe vingapi, punje ngapi za hiliki, kurasa zaidi ya 40 kwa mwandiko mzuri uliopigiwa mstari kwa rula. Na huyu ni mtoto ambaye mimi mwenyewe kwa macho yangu nilikuwa namuona bwaloni hali chakula. Nilikaa pale juu ya fremu ya kitanda nikashindwa kuunganisha hivyo vitu viwili.

Sasa niwaambie alivyokuwa, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu wazazi na walimu wenzangu wanaosoma wataona kitu. Alikuwa anavaa sweta saa saba mchana, na mnajua jua la Morogoro, wenzake wanajipepea kwa madaftari yeye kajikunyata. Bwaloni alikuwa wa kwanza kujitolea kupakua, anazunguka na ndoo ya maharage anawaongezea wenzake, kila mtu anamsifia ana roho nzuri, yeye sahani yake ugali kaukata vipande vidogo vidogo kama wa kumpa mtoto wa mwaka mmoja anavisukuma huku na huku mpaka kengele inalia. Siku za makande alikuwa anasema tumbo linamuuma. Akila anaenda vyoo vya nyuma, sio vya bweni letu, anafungua bomba la maji linamwagika kwa nguvu, na mimi nikawa namgombeza kwa kupoteza maji! Vifundo vya vidole vya mkono wa kulia vilikuwa na makovu, nikajua ni kufua kwa sabuni kali. Mikono ikaanza kuota vinyweleo laini vyepesi kama vya kichanga. Na mimi ndiye ninayegawa pedi bwenini na ninaandika kwenye daftari, nikaona miezi minne jina lake halina tiki.

Hapo ndo tulipofanya kosa ambalo sitalisahau. Mtoto wa kike hajaona siku zake, kazimia mstarini Jumatatu asubuhi wakati wa wimbo wa taifa, sisi wote akili ikaenda sehemu moja tu. Akapimwa mimba. Haina. Tukasema kipimo kibovu, akapimwa tena, haina, akapimwa na mara ya tatu. Hakuna hata mmoja wetu, na mimi nikiwemo, aliyekaa naye chini akamuuliza mwanangu una nini. Baadaye aliniambia kwamba zile siku za vipimo ndo siku alizojichukia kuliko zote, kwa sababu watu walikuwa wanaangalia tumbo lake.

Kila mtu alikuwa na jina lake la ule ugonjwa. Nesi wa zahanati akasema vidonda vya tumbo. Mwalimu mmoja akasema minyoo. Wenzake bwenini wakasema mapozi, kuna mvulana kamwacha. Mama yake alipokuja alikuja na maji ya maombi kwenye chupa, mana nyumbani walishaamua ni mambo ya kiroho. Na mimi nilishamwambia maneno ambayo kila mzazi wa Kitanzania ameshayasema, kwamba kuna watoto hawana hata hicho chakula wewe unachezea, nikijua namrudisha kwenye mstari. Ni kama kumwambia mtu wa malaria aache kutetemeka kwa sababu nje kuna joto.

Aliyenifungua macho ni binti yangu wa kuzaa anayesomea uuguzi, nilimwelezea kwa simu usiku yale makovu ya vidole na zile kurasa, akanyamaza, alafu akaniambia mama huyo apelekwe hospitali kesho asubuhi wacheki damu na moyo, usisubiri. Tukaenda. Potasiamu kwenye damu ilikuwa chini kiasi kwamba daktari alinyanyuka kwenye kiti akaenda kuita wenzake, mana potasiamu ndiyo inayofanya moyo upige kwa mpangilio, na mtu anayetapika kila siku au anayekunywa madawa ya kuharisha anaipoteza nyingi kwa njia hizo, moyo unaweza kusimama mtu yuko kitandani amelala hana hata homa. Mimi nilikuwa nimebeba supu ya kongoro kwenye hotpoti kubwa, nikisema leo atakula mpaka ashibe, daktari akanizuia. Akanieleza mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa chakula ghafla chumvichumvi za damu zinavurugika na mtu anaweza kufa kwa kushiba, kwaiyo anaanzishiwa kidogo kidogo huku wanapima damu. Ile supu niliinywa mwenyewe nje kwenye benchi, nalia.

Daktari wa afya ya akili ndiye aliyetupa majina. Anoreksia, ni pale mtu anajinyima chakula kwa kuogopa unene hata akiwa amebaki mifupa, na akijiangalia kwenye kioo bado anaona bonge. Bulimia, ni pale anakula kwa pupa kwa siri alafu anajitapisha kwa kutia vidole kooni, ndo yale makovu, au anaharisha kwa dawa. Na dalili za vyote viwili zinaweza kukaa kwa mtu mmoja, kama kwa huyu. Baba yake aliposikia neno akili akasimama, akasema mwanangu sio kichaa, simpeleki Mirembe mimi. Ilichukua siku mbili kumwelewesha kwamba hakuna aliyesema kichaa, na kwamba kati ya magonjwa yote ya akili haya ya kula ni miongoni mwa yanayoua zaidi wanaoyaugua. Diana wa Uingereza aliyasema mwenyewe kwenye televisheni Novemba 1995, kwamba alikuwa na bulimia miaka na miaka, mke wa mtoto wa malkia na jikoni kuna kila kitu, kwaiyo sio shida ya kukosa chakula na sio deko.

Lile daftari la mapishi nalo nikapata maelezo yake. Mwaka 1944, vita vya pili vikiwa vinaelekea ukingoni, Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani kilichukua vijana wa kiume 36 wazima wa afya na akili waliojitolea, mtaalamu akiitwa Ancel Keys, wakawapunguzia chakula kwa miezi sita ili wajue namna ya kuwalisha watu wa Ulaya walioshinda na njaa ya vita. Wale vijana wakageuka. Wakawa wanaota chakula usiku, wanalamba sahani, wanasikia baridi kiangazi, wanakuwa wakali kwa vitu vidogo, na wapo waliokuwa wanakusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama riwaya. Wanaume wazima hao! Kwaiyo sweta saa saba mchana, hasira, daftari la pilau na sambusa, hiyo ni njaa yenyewe inaongea. Mtoto anaanza dayeti kwa hiari yake, ila ikifika sehemu njaa inashika usukani na yeye anakuwa abiria.

Najua Mhariri wapo watakaosema haya ni magonjwa ya wazungu, sisi Waafrika tunapenda mtu aliyejaa. Hata mimi nilisema. Nimekulia nyumba ambayo mgeni akifika sifa ya kwanza ni umenawiri, umenenepa, mume anakutunza. Ukikonda unaulizwa unaumwa nini. Na sisi tuliokuwa wasichana miaka ya tisini tunakumbuka vizuri kukonda kulimaanisha nini, mtu akipungua tu mtaa mzima unanong'ona kwamba ameshaupata ukimwi, watu walikuwa wanavaa nguo mbilimbili ili waonekane wana mwili. Sasa kwa kumbukumbu hizo nani angewaza kwamba mtoto wa Morogoro atajinyima ugali kwa makusudi?

Lakini wa Fiji nao walikuwa hivyo hivyo. Fiji ni visiwa huko baharini Pasifiki, watu wake walikuwa wanapenda mwili mkubwa wenye nguvu, kumwambia mtu amenenepa ilikuwa ni kumsifia, na mtu akikosa hamu ya kula wana kabisa na jina lake, wanaita macake, ndugu wanahangaika kumtafutia dawa za miti. Mwaka 1995 televisheni ikaingia mkoa wa Nadroga, kabla ya hapo hawakuwa nayo. Daktari mmoja Mmarekani wa magonjwa ya akili, Anne Becker, alikuwa anafanya utafiti kule, akawapima wasichana wa sekondari wiki chache baada ya televisheni kufika, alafu akarudi 1998 akapima wasichana wa rika lile lile kwa maswali yale yale. Mwaka 1995 waliokuwa na dalili za hatari za matatizo ya kula walikuwa asilimia 12.7, mwaka 1998 wakawa asilimia 29.2. Wanaojitapisha ili wapungue hakuwepo hata mmoja mwanzoni, miaka mitatu baadae asilimia 11.3. Asilimia 74 walisema kuna wakati wanajiona wanene kupita kiasi. Ni wasichana 63 mara ya kwanza na 65 mara ya pili, sio umati, lakini ni wasichana wa vijijini wanaokula mihogo na samaki kama wa Kilwa au Mafia, na walimwambia wenyewe kwamba wanataka kufanana na wale wadada wa kwenye tamthilia ili nao wapate kazi na maisha kama yao. Hapo ndo nilipoona binti yangu wa dabodeka. Yeye hakuwa anataka kiuno kwa ajili ya kiuno, yule dada wa kwenye ukurasa wenu ana gari, anasafiri, watu wanamjua, na kwa maelezo yenu vyote hivyo vilikuja alipokonda.

Mtaniambia tatizo ni simu sio gazeti. Simu ina sehemu yake, tena kubwa. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni ila likizo wanashinda nazo, na mimi nikiwapokea getini Januari naona kabisa waliorudi sio wale walioondoka, mmoja anauliza kama anaweza kula matango tu, mwingine kafunga mkanda wa kubana tumbo chini ya sare mpaka unamuacha alama. Wenye mitandao wanajua wanachofanya. Mwaka 2021 mfanyakazi wa zamani wa Facebook, Frances Haugen, alitoa nyaraka za ndani ya kampuni, na humo watafiti wao wenyewe walikuwa wameandika kwamba kati ya wasichana waliokuwa tayari wanajisikia vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram inawazidishia. Kampuni ikasema nyaraka zimeeleweka vibaya. Sawa. Ila mimi ninayeishi na wasichana 180 sihitaji nyaraka.

Lakini Mhariri, kwenye simu yule mtoto anajua kuna filta. Wanaambiana kabisa, achana na hiyo picha kaiedit. Gazeti hawalisemi hivyo. Gazeti kwao ni sawa na kitabu, limepita kwa watu wazima wenye elimu, mwalimu wa Kiswahili analitumia kufundishia ufupisho, kwaiyo kikichapwa humo kimethibitishwa. Na ndiyo kitu pekee cha nje kinachoingia bwenini kwa ruhusa, mimi mwenyewe ndiye ninayelipokea kwa mlinzi na kuliweka kwenye meza ya kusomea. Hizo kurasa 11 nimempa mimi kwa mikono yangu.

Chini ya zile picha kuna tangazo, na tangazo ndilo limenitia hasira zaidi. Chai ya kuondoa kitambi siku saba, piga namba hii, mikoani tunatuma kwa basi. Dada yake mkubwa alimtumia pakiti ndani ya boksi la sabuni. Nilimwonyesha daktari lile pakiti, akaniuliza mama unajua sanamaki? Nani asiyeijua sanamaki, bibi zetu walitunywesha Jumamosi asubuhi kusafisha tumbo na siku hiyo hucheki wala hukohoi. Ndiyo hiyo hiyo, imetiwa kwenye vikaratasi vizuri vyenye kamba. Inaharisha maji na mavi, mafuta ya mwili haiyagusi, mtu akipanda mzani kilo zimepungua kweli kwa sababu maji yametoka, akinywa maji zinarudi, anaogopa, anaongeza pakiti. Bibi alitupa mara moja kwa miezi, huyu alikuwa anakunywa kila usiku. Na hiyo ni ya majani tu, kuna vidonge vya kupunguza mwili duniani ambavyo vimekuwa vikikutwa vimechanganywa na sibutramini bila kuandikwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuleta matatizo ya moyo na kiharusi.

Alafu ukurasa wa pili yake, tangazo la dawa ya kuongeza hips na makalio. Yani mtoto wa miaka 16 anaambiwa tumbo liwe bapa kama ubao, kiuno kiwe cha nyigu, nyuma kujae, na ngozi iwe nyeupe. Hakuna mwanamke aliyezaliwa na vyote hivyo kwa pamoja ndo mana vinauzwa kwa pakiti nne tofauti. Mkorogo serikali ilishapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni, hata kama bado vinapenya angalau tunajua ni kosa na gazeti lenu haliwezi kuvitangaza. Kwanini chai ya kuharishia watoto iwe sawa?

Na lugha yenu, hapa nitasema kama mama kwa mwanae. Msanii kajifungua ana wiki tatu, mnaandika kaumuka, kaachia mwili, kawa tipwatipwa. Mwingine anaumwa kakonda, mnaandika kabaki njiti. Watangazaji wa redio asubuhi wanaisoma hiyo habari na kucheka nayo, jikoni kwetu redio inawashwa kuanzia saa kumi na mbili, wasichana wako foleni na vikombe vya uji wanasikiliza. Sisi watu wazima wa shuleni tumeichukua hiyo lugha kama ilivyo, kuna mwalimu wa zamu alimwita mwanafunzi bonge nyanya mstarini na watoto 600 wakacheka, na siku za kutembelewa wazazi ndo wa kwanza, mama hajamwona mwanae miezi miwili anafungua mdomo kitu cha kwanza ni mbona umenenepa hivyo. Huyu binti wangu aliniambia yeye alianza siku shangazi yake alipomshika nyama za mkono kwenye harusi mbele ya watu. Kwaiyo sisemi gazeti ndilo lililomuua moyo peke yake. Daktari kasema kuna vya kuzaliwa navyo, kuna tabia ya mtu, kuna ya nyumbani, kati ya wasichana 180 wanaoangalia ukurasa uleule ni wachache watakaoumwa. Ila hao wachache ukurasa ndiyo unaowapa ramani.

Na wavulana wasisahaulike, patroni mwenzangu kakuta makopo ya unga wa kujaza misuli kwenye tranka, wanakula mayai mabichi na kunyanyua matofali usiku. Hilo aandike yeye, analijua kuliko mimi.

Wenzetu walishaona kwamba picha ni kitu cha kuwekewa sheria. Mwaka 2006 wanamitindo wawili wa Amerika ya Kusini walikufa baada ya kujinyima chakula, Luisel Ramos wa Uruguay mwezi wa nane akiwa kazini kwenye maonyesho ya mavazi, na Ana Carolina Reston wa Brazil mwezi wa 11 akiwa na miaka 21. Katikati ya vifo hivyo viwili, mwezi wa tisa, wiki ya mitindo ya Madrid ikakataa wanamitindo ambao uwiano wa uzito na urefu wao, kile kipimo wanachoita BMI, uko chini ya 18. Ufaransa ikafuata, mwanamitindo lazima awe na cheti cha daktari, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2017 picha ya tangazo iliyopunguzwa au kuongezwa mwili kwa kompyuta ni lazima iandikwe kwamba imerekebishwa, ukikaidi faini yuro 37,500. Norway nao tangu Julai 2022 hata mtu anayetangaza bidhaa mtandaoni akibadilisha umbo lake kwenye picha lazima aweke alama. Sisi hapa na miss wetu, na bongofleva yetu, na kurasa zetu za burudani, hilo swali hatujalikalia hata kikao kimoja.

Ninachoomba sio kikubwa. Acheni kuandika kilo. Mmeona sijaandika kilo za huyu binti popote kwenye barua hii, wala idadi ya pakiti, kwa sababu nimejifunza kwamba mtoto mwenye ugonjwa huu akisoma namba anaichukua kama rekodi ya kuvunja, fulani kafika hapa na mimi nifike. Matangazo ya chai na vidonge vya kupunguza mwili yaondoeni, najua yanalipa na najua karatasi ni ghali siku hizi na magazeti yana hali ngumu, ila mlishakataa pesa za vitu vingine vyenye madhara na gazeti halikufa. Picha ikiguswa na kompyuta andikeni imeguswa, hata kwa maandishi madogo. Na mtupe ukurasa mmoja, hata mara moja kwa mwezi, daktari wa afya ya akili aeleze kwa Kiswahili cha kawaida mzazi aangalie nini, vidole, meno yanayolika, mashavu kuvimba chini ya masikio, baridi, kukimbilia chooni akimaliza kula, hedhi kukatika, ili mtoto mwingine asipimwe mimba mara tatu. Mkitaka mtu wa kueleza inavyoonekana bwenini nitakuja kwa nauli yangu. Huu ugonjwa hata jina la Kiswahili la kueleweka mtaani hauna, na nyie ndo mnaotupa maneno, neno kitambi mmelifanyia kazi vizuri sana.

Binti yuko nyumbani, anahudhuria kliniki kila baada ya wiki mbili, mwaka ujao atarudia kidato cha tatu Mungu akijalia. Bado hawezi kula na watu wengine, mama yake anasema wanakaa wawili tu mezani, televisheni imezimwa, sahani moja inachukua saa nzima na siku nyingine wote wanalia. Wiki iliyopita alikula chapati nzima. Mama yake alinipigia simu saa nne usiku kuniambia, nikajua kuna msiba kumbe ni chapati.

Jumamosi hii gazeti lenu lilipofika nililifungua hapohapo getini kwa mlinzi kabla sijaingia nalo ndani. Ukurasa ulikuwepo. Ni yule yule dada wa kwenye karatasi za binti, ila safari hii mmembadilishia pande, mwembamba yuko kushoto, na mmeandika kanenepa tena mashabiki wamkimbia. Nimeukata, nimeuambatanisha na barua hii.

Matroni, Morogoro
(Jina langu na namba ya simu nimeziandika kwenye bahasha, naomba msizichapishe.)